Kiambatisho

Picha imeingia saa moja kasoro,
chai haijachemka bado hapa Uyole:
jani la kiazi limelazwa kiganjani,
na chini yake maneno ya Gwakisa, mtoto wa jirani,
*bibi anasema angalia*.

Nikaangalia.
Nikalivuta kwa vidole viwili, likakua,
likajaa kioo kizima,
na doa lile nalijua: kahawia katikati,
pembeni weupe, kama unga uliopulizwa.
Bakajani. Imeshafika Isongole.

Ofisini Bwana Chaula hapokei picha.
Picha si taarifa, anasema,
picha haina Kumb. Na., haina "Yah",
mkulima aandike barua pepe, nasi tutamjibu kwa barua pepe.
Nikamwambia mkulima huyu ni mama yangu,
na herufi kwake ni kuku wa jirani:
anawaona wakipita, hajui nani ni nani.
Akacheka. Basi mwandikie wewe, akasema.

Nikamwandikia.
*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.*
Nikakaa na sentensi hiyo mpaka saa nne.
Mama yangu hana kichwa cha habari.
Ana kichwa chenye kilemba cha kijani,
na kikiuma anakifunga zaidi.

Siidharau barua pepe.
Ndiyo iliyoniletea kazi hii,
nikaisoma nimesimama Mwanjelwa, mbele ya duka la mbolea,
nikairudia mara nne, nikanunua soda.
Ila jibu la ofisi lilitoka Alhamisi,
kurasa sita, na nembo, na majedwali,
na kule Isongole simu ya Gwakisa ikazungusha kiduara,
ikazungusha, ikazungusha,
bando likaisha kiduara kingali njiani.

Kwa hiyo nilipiga picha pakiti ya dawa.
Nikapiga kifuniko kimejaa, nikapiga ndoo,
nikachora kwa mkaa mahali maji yanapokomea.
Jioni ikarudi ndoo yao, ya bluu, ina ufa,
na mstari wa mkaa palepale.
Hakuna aliyeandika hata "a".

Halafu Chaula akataka picha ya jani kwa ajili ya ripoti ya robo mwaka.
Sasa anaitaka. Jani tu, akasema, hicho kiganja kikate.
Nikakaa usiku nikikata,
nikasogeza ukingo, nikakaribia kidole cha pete,
mkono wangu ukagoma.

Pete ile naijua.
Ilikuwa haitoki hata kwa sabuni,
mama akiosha vyombo iling'ata nyama,
tukimtania kwamba atazikwa nayo kwa lazima.
Sasa imezungushiwa uzi.
Uzi mweusi, wa kushonea magunia,
umezungushwa mara nyingi, kwa uvumilivu,
ili pete isianguke shambani.

Na kila Jumapili kwenye simu:
hatujambo, ni baridi tu, na wewe je, unakula?

Wiki mbili nimekuwa na picha hii.
Nimeikuza mpaka mishipa ya jani ikawa barabara,
nikahesabu madoa, nikayapa jina la kitaalamu.

Barua ya kuomba ruhusa nimeiandika,
*Yah: ombi la siku saba*,
imelala kwenye rasimu, inasubiri neno la heshima
la kuziba pale nilipoandika "uzi".
Itasubiri. Nipo stendi, gari la Tukuyu linapakia,
ukungu umeshuka mpaka kwenye matairi.

Sikujua nimwambie nini mama.
Nikafungua kiganja changu, kitupu,
nikakipiga picha, nikatuma.

Alama mbili. Zikageuka bluu.
Nikangoja, kondakta akiniuliza nauli,
mpaka vidole vya Gwakisa vilipomaliza kuandika:

*bibi anasema mkono umepauka
hupaki mafuta
anasema njoo*